Vyakula tisa

Najua nimewatupa. Tangu mwezi wa sita sijaandika kitu humu, na sababu ni kwamba nilikuwa na neno kifuani nikaogopa kuliandika kwa hasira. Sasa hasira imepoa kidogo, ngoja niseme.

Mwanangu (jina lake siliandiki hapa, akikua ataamua mwenyewe) ana miaka saba na ana usonji. Hilo mnalijua. Mnachokijua nusu nusu ni habari ya chakula chake. Nikipiga simu Tanga naambiwa tunamdekeza, tumnyime siku mbili atakula mwenyewe, mbona nyie mlikula dona na mkakua. Upande wa pili binamu zangu wananitumia video kila wiki: mtoe ngano, mtoe maziwa, usonji utaondoka. Nimeamua kuwajibu wote kwa mpigo mmoja, maana kwangu mimi kosa lenu ni lile lile.

Mtoto huyu anakula vyakula tisa. Siyo tisa anavyovipenda sana, ni tisa basi. Wali mweupe mkavu. Ugali wa sembe bila mboga, na mboga isikae hata sahani ya jirani. Chipsi. Tufaha lililomenywa. Ndizi mbivu isiyo na doa. Mkate wa aina moja. Biskuti za chumvi. Vijiti vya samaki vya kwenye boksi. Mtindi wa vanila. Siku moja sembe iliisha nikasonga ugali kwa unga wa Wamexico, ule wa masa, nikijua mahindi ni mahindi. Kumbe ule mahindi yake huchemshwa na chokaa kabla ya kusagwa, una harufu yake. Mimi sikuihisi. Yeye alinusa tonge, akasukuma sahani, akaenda kukaa chini ya meza. Mnaniambia huyo anadeka? Tangu mwaka 2013 mwongozo ambao madaktari wa Marekani wanautumia kutambua usonji umeweka hisia za kupita kiasi, au pungufu, miongoni mwa dalili zake. Mguso, sauti, harufu. Kitu ambacho kwako ni wali uliolowa mchuzi kidogo, kwake ni kama ukiambiwa ule sabuni.

Sasa Houston. Tulitoka kwetu Arlington alfajiri, I-45 karibu saa nne, tukafika harusini. Watu wetu walijaa, pilau, biriani, sambusa, nyimbo, yaani ungedhani uko Ngamiani. Nimempakulia mwanangu wali wake mweupe pembeni. Nikaitwa kupiga picha. Dakika kumi tu. Mama mmoja, mtu mzima, mwenye upendo kabisa wala simlaumu roho yake, akaona mtoto anakula wali mtupu kama yatima. Akamwagia mchuzi, akakandika tonge, akamlisha. Alipokataa akamshika kidevu.

Alitapika pale pale kwenye zulia la watu. Hilo la kutapika nililifuta na tambara likaisha. Ambalo halikuisha ni kwamba hakugusa wali tena. Tulikwenda Houston na vyakula tisa, tukarudi Arlington na vinane. Na wali ndicho chakula cha kwetu, ndicho nilichokuwa nategemea tukija huko nyumbani. Mtaalamu wake wa ulaji ananiambia ni jambo la kawaida kwa watoto hawa: chakula kikishaunganishwa na kulazimishwa, kinaweza kupotea miezi au moja kwa moja. Na ule usemi kwamba mtoto mwenye njaa atakula tu, kwa baadhi yao si kweli. Majarida ya madaktari hapa Marekani yameandika habari za watoto wenye usonji waliougua kiseyeye, ugonjwa wa mabaharia wa kale, katika nchi yenye machungwa kila duka, kwa sababu vyakula vyao vilikuwa vichache mno. Wengine miili yao ilikuwa imejaa tu, hakuna aliyeshuku.

Nigeukie kwenu wa video. Chukueni ile orodha yangu mtoe ngano na maziwa. Mkate umekwenda, biskuti zimekwenda, vijiti vya samaki vimekwenda kwa ule unga wa juu, mtindi umekwenda. Kati ya tisa vimebaki vitano. Najua kwa sababu nilishafanya. Ndiyo, mimi mwenyewe, miaka miwili iliyopita, kwa ushauri wa mwenzangu wa kanisani, nilitoa ngano wiki sita. Nilipomweleza daktari alishika kichwa. Kuna ugonjwa wa kweli wa ngano, unaitwa seliaki, na unapimwa kwenye damu, lakini kipimo kinataka mtoto awe anakula ngano. Ukiitoa kwanza, kipimo kinaweza kusema hana kumbe anao. Ikabidi turudishe ngano, tusubiri wiki kadhaa ndipo apimwe. Hakuwa nao. Mkate aliukumbuka, biskuti zilichukua mwezi mzima.

Kuhusu kupona: mwaka 2016 watafiti wa Rochester, New York, walichapisha jaribio ambapo watoto 14 waliwekwa kwenye mlo usio na gluteni wala kaseini, halafu wakawa wanapewa vitafunio vyenye vitu hivyo au visivyo navyo, wazazi na wapimaji wasijue ni kipi. Hawakuona tofauti ya tabia, usingizi wala choo. Ni watoto wachache, nakubali. Lakini nyie mnaniletea mtu mmoja na kamera. Na hadithi ya kwamba usonji unatokea tumboni ilipata nguvu sana kwa makala ya Andrew Wakefield ya 1998 kwenye Lancet, ile ya chanjo. Jarida liliifuta 2010, na mwaka huo huo Uingereza ikamfuta kwenye orodha ya madaktari wake. Wakati huo alikuwa ameshahamia huku huku kwetu Texas, Austin.

Msinielewe vibaya, sisemi tumbo la mtoto si kitu. Wangu alikuwa analia na kujipiga kila siku mchana akitoka shule, na sisi tukadhani ni uchovu wa kelele. Mwaka huo huo wa 2010 jopo la wataalamu liliandika kwenye Pediatrics kwamba mtoto wa usonji asiyeweza kusema tumbo linauma anaweza kulisema kwa tabia, kwa hiyo apimwe kama mtoto mwingine yeyote. Kwetu ilikuwa maziwa ya pakiti ya shuleni, sukari yake inayoitwa laktosi. Tuliyaondoa peke yake, hatukugusa kingine, tukaandika daftarini kila siku. Mtindi haukumsumbua, maana bakteria wa mtindi humsaidia kuisaga. Daktari akaandika barua, tukaipeleka kwenye kikao cha shule, ule wanaouita ARD hapa Texas, wakambadilishia maziwa. Vilio vya mchana vilipungua. Usonji upo pale pale, na mtoto ni yule yule, ila haumwi.

Rafiki yangu wa Houston yake ni nyingine kabisa, mwanawe ana mzio wa ufuta, anatembea na sindano ya epinefrini. Kule hakuna mjadala, ni uhai. Ufuta uliwekwa kwenye orodha ya vyakula vya lazima kutajwa kwenye pakiti kwa sheria ya 2021 iliyoanza kutumika 2023, na baadhi ya waoka mikate, badala ya kusafisha mitambo, wakaona bora watie ufuta makusudi na kuuandika. Mnaona vituko?

Basi mwezi wa kumi na mbili tunakuja, Mungu akipenda. Mama, naomba sahani yake iwe tupu na apakue mwenyewe. Asipokula msiseme kitu, hata kumsifu akila msimsifu sana. Mkate nakuja nao kwenye begi, shangazi usicheke. Chai yake ya rangi. Mkitaka kumlisha kitu, mkaleni mbele yake na nyie mkifurahi, mwacheni anuse.

Wali: Jumamosi iliyopita alichukua punje moja kutoka sahani ya baba yake, akaiviringisha vidoleni, akainusa, akairudisha. Nimeandika daftarini.

Mdogo wangu wa Muheza, lile swali lako la barua ya viza nimeliona, nitalijibu wiki ijayo.