Rekodi ya Dereva na Usukani wa Gari la Wagonjwa

Katika kilima cha Naguru, hapa Kampala, pana majengo mawili ambayo kila askari anayafahamu. La kwanza ni Makao Makuu ya Polisi. La pili ni hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Serikali ya China, yenye vitanda 100, iliyofunguliwa mwanzoni mwa mwaka 2012, ambayo wananchi huiita kwa ufupi hospitali ya Naguru. Katika jengo la kwanza hukusanywa habari za makosa na ajali za barabarani za nchi nzima. Katika la pili huletwa, usiku na mchana, watu waliovunjwa mifupa na ajali hizo hizo. Mtu aweza kutoka huku hadi kule kwa miguu. Lakini dereva anayeomba kazi ya kuendesha gari la wagonjwa aweza kufika kule bila habari zake za huku kumfuata. Jambo hilo ndilo tunalotaka kulitazama leo, kwani linawahusu askari wa usalama barabarani wanaoandika makosa, na wanajeshi madereva ambao siku moja watavua sare na kutafuta kazi uraiani.

Hesabu za Polisi zinatisha. Mwaka 2023 zilitokea ajali 23,608 na watu 4,806 wakapoteza maisha. Mwaka 2024 ajali zilifika 25,107 na waliokufa wakawa 5,144, yaani watu 14 kila siku ya Mungu. Tarehe 22 Oktoba 2025, katika wilaya ya Kiryandongo kwenye barabara kuu ya Kampala hadi Gulu, mabasi mawili yaliyokuwa yakielekea pande tofauti yaligongana wakati yakijaribu kuyapita magari mengine, na zaidi ya watu 40 wakafa kwa usiku mmoja. Kila majeruhi anayeokotwa akiwa hai anahitaji gari, na kila gari linahitaji mtu wa kulishika usukani. Tangu Serikali ilipotoa Sera ya Taifa ya Huduma za Dharura za Kitiba mwaka 2021, fikira iliyopo ni kwamba gari la wagonjwa si chombo cha kubeba mtu tu, bali ni sehemu ya matibabu yenyewe. Ikiwa ndivyo, basi dereva naye ni sehemu ya matibabu.

Wako wanaodhani kwamba gari la wagonjwa linataka dereva mwenye kasi. La hasha. Kasi anayo kila kijana wa boda boda. Gari la wagonjwa lina mtu aliyelazwa ambaye hawezi kujishikilia, na pembeni yake muuguzi aliyesimama nusu, mkono mmoja ukishika chupa ya maji ya dawa na mwingine ukitafuta mshipa. Breki moja ya ghafla yaweza kumtupa muuguzi na kumng'oa mgonjwa sindano. Dereva wa lori akikosea, huenda akamwaga sukari. Huyu akikosea amemwaga roho ya mtu ambaye alikuwa na tumaini la kuishi. Tena king'ora si ngao. Magari mengine yanapaswa kukipisha, ni kweli, lakini dereva anayeingia njia panda ya Jinja Road akiamini kwamba watu wote wamemsikia, atawakuta wasiosikia. Na muda unaookolewa kwa kukimbia ovyo mjini, ukipimwa, aghalabu ni dakika chache tu.

Kwa sababu hiyo, nchi nyingine huuliza kwanza habari za nyuma. Uingereza wana mtindo wa alama za makosa zinazobandikwa katika leseni ya dereva mwenyewe. Akifikisha alama 12 ndani ya miaka mitatu, mahakama kwa kawaida humfungia kuendesha. Dereva mpya akifikisha 6 ndani ya miaka yake miwili ya kwanza, leseni inafutwa na anaanza upya. Mwafrika Mashariki aliyeko huko akiomba kuendesha gari la wagonjwa ataulizwa alama alizo nazo kabla hajaulizwa nguvu za mikono yake, na kila idara ya magari hayo ina kiwango chake cha alama inazovumilia. Isitoshe, aliyefaulu mtihani wa gari dogo tangu mwaka 1997 hana budi kufanya mtihani mwingine wa daraja la C1 kwa ajili ya magari mazito zaidi, na magari mengi ya wagonjwa yamo humo. Marekani nako mwajiri huagiza rekodi ya dereva kutoka jimboni, na mara nyingi anayekata shauri la mwisho ni kampuni ya bima. Hospitali yaweza kumpenda mtu, lakini bima ikikataa kumfunika, kazi hana.

Hapa kwetu Sheria ya Usafiri na Usalama Barabarani ya mwaka 1998 inaipa mahakama uwezo wa kumsimamisha dereva au kumnyang'anya leseni. Matangazo ya kazi ya udereva serikalini nayo huomba mara nyingi mtu mwenye leseni ya daraja linalofaa na rekodi safi. Ni maneno mazuri. Lakini rekodi safi yathibitishwa na nani? Mwombaji huleta leseni, vyeti vya shule, na pengine barua ya tajiri wake wa zamani ambaye alitaka kumwondoa kwa amani. Wengine huleta cheti cha mwenendo mwema kinachotolewa na ofisi ya Interpol. Cheti hicho kina heshima yake, lakini kinatazama makosa ya jinai kwa alama za vidole. Faini iliyolipwa papo hapo bila kupita mahakamani si hukumu, na dereva aliyelipa faini tano za mwendo wa kasi aweza kukipata cheti hicho akiwa anatabasamu.

Mwezi wa Juni 2025 tulishuhudia jambo lililoonyesha udhaifu huu waziwazi. Mpango wa kutoza faini kwa kamera ulianza kutumika, ukazua malalamiko makubwa, na siku chache baadaye ukasimamishwa na Waziri wa Ujenzi na Uchukuzi, Jenerali Katumba Wamala, ambaye amepata kuwa Mkuu wa Polisi na pia Mkuu wa Majeshi. Watu waligombana juu ya kiasi cha fedha: shilingi 200,000 kwa aliyezidisha mwendo kidogo na 600,000 kwa aliyezidisha zaidi. Wachache waliuliza swali ambalo kwa maoni yangu lilikuwa zito zaidi ya hilo. Kamera husoma namba ya gari, haisomi uso wa dereva. Faini hudaiwa kwa mwenye gari. Ikiwa gari ni la kampuni, na siku hiyo limeshikwa na madereva watatu kwa zamu, mhasibu wa kampuni atalipa, karani ataweka risiti, na yule aliyekimbiza gari kilomita 100 kwa saa mbele ya shule atabaki mweupe kama pamba. Mfuko ndio ulioadhibiwa, na mfuko hauombi kazi ya kuendesha gari la wagonjwa.

Kwa hiyo mzigo unamrudia askari aliyesimama barabarani na kijitabu chake, kwani yeye ndiye anayemwona mtu. Hapa yafaa tuseme wazi, bila kufichana, maana tunasemezana sisi kwa sisi tuliovaa sare. Tunapozungumza juu ya kitu kidogo huwa tunahesabu hasara ya Serikali: faini haikuingia hazina. Hasara hiyo ipo, lakini ni ndogo. Hasara kubwa ni kwamba askari anayesamehe kwa noti amechapisha hati ya uongo. Tuchukue mfano wa madereva wawili wa teksi. Wa kwanza amekamatwa mara nne akipita upande usio wake, na mara nne amekunja noti ndani ya leseni na kuachiliwa. Wa pili amekamatwa mara moja, akakubali kosa, akaandikiwa, akalipa benki. Miaka mitatu baadaye wote wawili wanaomba kazi hospitalini. Mkuu wa utumishi akiuliza makosa yao, wa kwanza hana hata moja na wa pili analo. Nani atapewa usukani? Dereva mbaya amepanda cheo kwa sababu ya ubaya wake, na aliyeitii sheria amekatwa kwa utii wake. Siku mtoto wa askari huyo huyo atakapoanguka mtini katika kambi ya Naguru, gari litakalokuja kumchukua litaendeshwa na nani?

Msamaha wa kindugu una matokeo hayo hayo. Askari akimwona dereva ana kofia ya jeshi juu ya dashibodi humwambia, "Pita, afande." Ni heshima, nami sikatai heshima. Lakini afande huyo akiwa amelewa, heshima ya kweli ni kumpulizisha kile kifaa ambacho Kampala nzima inakiita kawunyemu, kisha kuandika kilichoonekana.

Upande wa jeshi tuna shida ya namna nyingine. Tangu Machi 2007 vijana wetu wamekuwa wakitumika Somalia, na wengi wao wamejifunza udereva mgumu kuliko wote: msafara Mogadishu, gari zito lenye vyuma, njia isiyoaminika. Kule dereva hasimami hovyo, kwani kusimama kwaweza kumpa adui nafasi. Hukaa katikati ya barabara, kwa kuwa kandokando ndiko bomu huzikwa. Hiyo ni kanuni ya kuokoa maisha. Dereva yule yule akirudi nyumbani na kupewa gari la wagonjwa, kanuni hiyo hiyo itaua watu pale Kamwokya, ambako kandokando kuna akina mama na mabeseni ya ndizi. Si kosa lake, bali hana budi kufundishwa upya, na aliye na busara ataomba mwenyewe kufundishwa kabla ya kuomba kazi.

Tena kuna jambo la karatasi. Mwanajeshi akipata ajali na gari la jeshi, shauri lake husikilizwa ndani ya jeshi na matokeo hubaki katika jalada lake. Akistaafu, hati ya kuachishwa haielezi yote hayo. Watu husema hiyo ni bahati kwa aliyekosea. Sawa, lakini fikiria yule aliyeendesha lori la tani saba kwa miaka 11 bila kukwaruza hata kioo. Sifa yake nayo imefungiwa katika jalada lile lile! Mbele ya hospitali ya kiraia yeye na mwenziwe aliyepindua magari mawili ni ndugu mapacha.

Je, kila doa limzuie mtu? Wapo wakubwa wanaosema hivyo, nami sikubaliani nao. Leseni iliyopitwa na muda kwa wiki mbili si sawa na ulevi. Kuegesha pasiporuhusiwa si sawa na kumgonga mtu na kukimbia. Makosa matatu yanayofunga mlango, kwa maoni yangu, ni ulevi katika usukani, kukimbia baada ya ajali, na uzembe uliojeruhi au kuua. Mengine yapimwe kwa umri wake na kwa kurudiwa kwake. Aliyezidisha mwendo mara moja miaka sita iliyopita ni mwanadamu. Aliyezidisha mara nne mwaka jana ana tabia, na king'ora kitamwongezea tabia hiyo. Hata rekodi tupu ichunguzwe, kwani mtu ambaye gari lake limekaa uani miaka miwili hana kosa kwa sababu hana safari. Huyo apandishwe gari la wagonjwa, machela ikiwa tupu, apelekwe kutoka Naguru hadi Mulago kwa njia ya Kira Road saa kumi na moja jioni, muuguzi akikaa nyuma, na muuguzi ndiye atoe alama.

Najua jibu la hospitali za wilayani: madereva ni haba, na mama mwenye uchungu wa kuzaa hangoji majalada. Lakini majirani zetu Tanzania wamekutana na shida hiyo. Katika mpango wao uitwao m-mama, uliotandazwa nchini kuanzia mwaka 2022, mtu hupiga simu namba 115, na palipokosekana gari la wagonjwa huitwa dereva wa kawaida wa eneo hilo. Dereva huyo si wa kuokotwa njiani usiku ule. Amekwisha kuandikishwa na kukubaliwa mapema, jina lake linajulikana. Kumbe hata penye uhaba, nafasi ya kuuliza ipo, mradi swali liulizwe mchana na si saa ya dharura.

Kwa Polisi, kazi iliyobaki haihitaji majengo mapya. Leseni ya siku hizi ina namba, na mwenyewe ameacha alama za vidole. Kila karatasi ya kosa ikiandikwa kwa namba ya leseni pamoja na namba ya gari, na hospitali ikiruhusiwa kuleta jina na namba hiyo, kwa idhini ya mwombaji, ofisi ya usalama barabarani yaweza kujibu kwa ukurasa mmoja.

Kwa mwanajeshi dereva anayekaribia kustaafu, asingoje hadi siku ya kurudisha sare. Amwendee afisa wa usafirishaji wa kikosi chake mapema na kuomba barua yenye tarehe, sahihi na muhuri, inayotaja aina za magari aliyoendesha, miaka aliyoendesha, ajali alizopata na jinsi shauri lilivyokwisha. Ikiwa ajali ipo, iandikwe humo pamoja na uamuzi uliotolewa, kwani mwajiri akiikuta ndani ya barua ataiuliza, na akiisikia kwa watu baadaye atamfukuza.