KAZI ZA MIKONO: Kole gani itashika pipa la maji machafu?



Baba mmoja alitoboa pipa la plastiki, akaingiza tuyo ya PVC ili maji ya jikoni na ya kuogea yapite mpaka shimoni. Akapaka silikone mingi pembeni. Siku za kwanza ilikuwa vizuri. Juma la pili maji ikaanza kuvuja, ikaelekea kisima cha jirani, na watoto wanacheza humo bila viatu. Mama jirani alikasirika, na alikuwa na haki: maji ya namna hii inaweza kuleta kuhara, hata kolera.

Silikone ilikosa nini? Haikuwa mbaya. Ni lile pipa ndilo halikubali kole. Geuza pipa, tazama alama ya pembe tatu chini yake. Ukikuta namba 2, ni polietileni: kole inakauka juu tu, kisha inabanduka. Namba 3 ni PVC: hapo kole ya PVC ni nzuri, kwani inayeyusha kidogo plastiki zote mbili na kuzifanya kitu kimoja. Lakini kati ya PVC na polietileni, haishiki.

Basi, kwa pipa la namba 2 tufanye hivi:

1. Tafuta kipande cha kupitisha tuyo kwenye ukuta wa pipa, chenye mpira wa duara na ekru kubwa.

2. Toboa tundu la kipimo chake kamili. Safisha pembeni kwa kisu.

3. Mpira ukae bapa juu ya plastiki, bila kole. Kaza ekru kwa mkono, halafu kidogo kwa ufunguo. Ukizidisha, mpira unajikunja na maji inapita.

4. Penye kufungwa kwa kuzungusha, viringisha tefloni mara tatu, upande ule ule wa kukazia.

Vijana, angalisho! Kole ya PVC inashika moto upesi. Itumieni nje, mbali na mbabula.

Mwisho, jaza maji safi, tandika karatasi kavu chini, acha usiku mzima. Asubuhi karatasi itasema kweli.

Yule baba alianza kazi upya namna hii. Kisha akaenda kwa jirani kuomba msamaha. Kwani kupaka juu hakuponyi, wala pipa, wala ujirani.