Bi harusi, swichi kubwa ya nyumba yako iko wapi?



Mfunguo mosi umeingia na harusi zimepamba moto. Wiki hizi tumeshatunga vikuba, tumeshasinga, tumeshapaka hina mpaka vidole vyetu wenyewe vimekuwa vyekundu. Orodha za zawadi nazo zinazunguka kwenye simu: friji ya milango miwili, mashine ya kufulia, birika la umeme, blenda na eafraya, lile jiko la kukaangia kwa mafuta kidogo ambalo kila bi harusi sasa analitaka. Mashaallah, Mwenyezi Mungu azitie baraka ndoa zote.

Lakini tuna neno, na tunalisema kwa mapenzi. Tunamjazia mwali nyumba vyombo vya umeme, halafu hatumwoneshi hata pa kuuzimia huo umeme.

Mmoja wetu aliolewa mwezi wa Shaaban. Ramadhani ilipofika kumi la kwanza, akaamka kupasha daku akakuta friji imezima. Mumewe anafanya kazi hotelini shamba, harudi mpaka mwisho wa wiki. Fundi alipigiwa akasema yuko tayari kuja, lakini nyumbani hakuna mtu mwengine, na yeye hakutaka kukaa ndani peke yake na mwanamume asiye maharimu wake. Akasubiri kaka yake apate nafasi. Siku mbili zikapita, samaki na nyama ya futari vyote vikatupwa. Fundi alipokuja hakuigusa hata friji. Alifungua plagi, akatoa fyuzi iliyoungua, akatia nyengine. Dakika tano.

Shoga yetu alicheka siku ile, lakini baadaye alituambia kilichomuuma si pesa ya fundi. Ni chakula kilichotupwa mwezi mtukufu, kwa kitu ambacho angekifanya mwenyewe na bisibisi moja.

Hapa ndipo tunaposimama sisi. Kujua kutengeneza vitu vidogo vya nyumbani ni sehemu ya sitara ya mwanamke. Tunazungumza sana kuhusu buibui na nikabu, na ni haki. Lakini mlango wa nyumba nao una sitara yake, na kila bomba linalovuja likitulazimisha kumfungulia mtu asiye maharimu, tena mume hayupo, basi kutojua kwetu kunatutia kwenye uzito ambao tungeweza kuuepuka.

Wako watakaosema: hiyo kazi ya mume. Kweli, nyumba na matumizi yake ni wajibu wa mume, na kujua kwako hakumwondoshei wajibu huo. Hata hivyo, Bi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, alipoulizwa Mtume (S.A.W.) akifanya nini nyumbani, alieleza kwamba alikuwa akiwahudumia ahli zake. Na imepokewa kuwa akishona nguo yake na kukitengeneza kiatu chake kwa mkono wake. Ikiwa mbora wa viumbe hakuona haya kushika sindano, sisi tuone haya ya kushika spana?

Wengine watasema tunawanyima mafundi riziki. Hapana. Fundi aitwe kwa kazi ya ufundi. Kubadilisha mpira wa bomba si kazi ya kumtoa mtu Amani mpaka Bububu.

Basi mwanamke ajue nini? Kwanza, ajue swichi kubwa ya umeme iko wapi na koki kubwa ya maji iko wapi. Siku ya kwanza ya kuingia nyumba mpya, kabla hata hujapanga vikombe, mwambie mumeo akuoneshe. Zima, washa, uone kipi kinazima nini. Maji yakipasua bomba usiku wa manane huna muda wa kuuliza.

Pili, fyuzi. Plagi zetu za miguu mitatu zina fyuzi ndani, na namba yake imeandikwa. Taa ya mezani inatosha fyuzi ya 3, pasi na birika zinataka ya 13. Ikiungua, weka ya namba ile ile. Usiweke msumari wala waya, hiyo ni kuwasha moto kwa mkono wako. Na ikiungua tena mara ya pili, kuna tatizo ndani ya chombo. Hapo mwite fundi.

Tatu, friji. Sisi tuko kisiwani, na hewa ya chumvi inakula chuma. Iache friji nafasi nyuma ipumue. Chomoa, ufagie vumbi kwa brashi kila baada ya miezi michache. Mlangoni bana karatasi: ikichomoka bila kushikika, mpira umelegea na baridi inatoka, na umeme wa Tukuza unakwenda nayo. Barafu ikijaa izime iyayuke yenyewe, usichokoe kwa kisu. Wengi walioharibu friji waliharibu hapo.

Nne, gesi. Paka povu la sabuni kwenye maungio ya mpira na mtungi. Likitoa mapovu, inavuja. Ukisikia harufu, usiguse swichi yoyote, si ya kuwasha wala ya kuzima. Funga mtungi, fungua milango na madirisha, toka na watoto. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, inakaa chini sakafuni, kwa hivyo usidhani imekwisha kwa sababu puani huisikii tena.

Kuna pa kukoma pia, na hapa hatutanii. Usifungue maikrowevu, inaweza kuhifadhi umeme wa kuua hata baada ya kuchomolewa. Usiguse boksi la waya wala mita. Hita ya maji ya bafuni ikikupiga shoti hata kidogo, zima swichi kubwa na usioge mpaka fundi aliyesomea aiangalie. Kujikinga na madhara ni katika dini.

Sasa tuje kwenye vyombo vipya, maana hapa ndipo penye fahari. Soketi moja ya 13 inabeba takriban wati 3,000. Birika moja linaweza kula 2,000 na eafraya 1,500. Ukivichomeka vyote viwili kwenye ekstensheni moja umeshapita kipimo, na waya unachemka nyuma ya kabati usipouona. Nyumba nyingi za zamani, hasa za Mji Mkongwe, waya wake ulivutwa kabla ya vyombo hivi kujulikana. Kwa hivyo anayetaka kumpa bi harusi zawadi ya maana, alipe fundi akague waya kwanza, friji ya milango miwili ifuate. Na anayenunua mtumba asome kibandiko: chombo cha Japani ni cha volti 100, na umeme wetu ni 230. Ukikichomeka moja kwa moja, kwaheri.

Tusisahau pia kwamba umeme wetu unatoka bara kwa waya wa chini ya bahari. Mwaka 2008 Unguja ilikaa takriban mwezi mzima gizani, na kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010 giza likarudi. Mama zetu walijifunza. Umeme ukikatika chomoa friji, ukirudi subiri dakika kadhaa utulie ndio uchomeke. Au nunua friji gadi, ni rahisi kuliko mota mpya.

Na asituambie mtu kwamba wanawake hatuwezi. Kinyasini, kaskazini mwa Unguja, kuna chuo kinachofundisha wanawake wa vijijini, wengine hawakusoma sana, kufunga na kutengeneza umeme wa jua. Wanarudi vijijini kwao na vitambaa vyao kichwani, wakiwasha nyumba za majirani.

Rai yetu ni hii. Katika vyombo vya bi harusi, pamoja na vyetezo na seti za vikombe, tutie kiboksi: bisibisi mbili, ya bapa na ya nyota, spana ya kufungua na kubana, koleo, fyuzi za akiba, mipira ya bomba, utepe mweupe wa kuzungushia maungio, na tochi. Na somo anapokaa na mwali kumfunda mambo ya ndani, aongeze saa moja ya swichi, koki na mtungi. Hakuna aibu hapo. Nyumba ni amana, na mwenye amana huijua.

Allah awape wanandoa wetu utulivu, mapenzi na rehema, na azihifadhi nyumba zetu na moto. Amin.

Maasalaam.