Mwenye nyumba, anza na paa

MAKAZI YETU
Na Zuhura Mbaraka

Kuanzia Desemba hadi Machi, mpangaji wa Dar es Salaam analipa kodi mbili. Ya kwanza ni ya chumba, miezi sita kwa mkupuo. Ya pili ni ya joto: uniti za umeme wa LUKU zinazoishia kwenye feni isiyozimwa usiku kucha, kwenye friji isiyopumzika na, kwa mwenye uwezo, kwenye kiyoyozi. Jua ni la wote, lakini sehemu kubwa ya joto hilo inaingizwa na nyumba yenyewe, na mwenye mamlaka ya kuirekebisha nyumba si mpangaji.

Wenye nyumba wengi wamesikia malalamiko na wameanza kukarabati. Nawaunga mkono. Shida ni kwamba ukarabati mwingi una kasoro ileile: unaziba. Na kwenye pwani yenye unyevu kama yetu, nyumba iliyozibwa hula umeme kwanza, kisha hujila yenyewe.

Zitazame nyumba za zamani za Ilala na Magomeni, zile za vyumba sita, ukumbi katikati na ua nyuma. Fundi aliacha uwazi kati ya kichwa cha ukuta na mabati, na madirisha yalifunguka yote. Leo uwazi ule umefungwa kwa mbao, dari ya jipsamu imebanwa pembe hadi pembe, na luva zimeng'olewa kupisha dirisha la alumini la kusukuma. Dirisha hilo hata ulifungue mpaka mwisho, nusu yake inabaki kioo. Upepo uliokuwa unapita dirisha zima sasa unapita nusu, na wavu wa mbu unaupunguza tena. Chumba kinachemka, mpangaji anakopa, ananunua kiyoyozi.

Hapo ndipo jengo linapoanza kuumwa. Hewa ya Dar mwezi Machi imebeba mvuke mwingi kiasi kwamba kitu chochote chenye nyuzi 23 au chini yake kinatoa jasho, kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Kiyoyozi kikiwekwa nyuzi 18, jipsamu inapoa hadi upande wake wa juu. Kule darini hewa ya joto na mvuke haina pa kutokea, inaigusa jipsamu hiyo na kuacha maji. Dalili ya kwanza ni doa la kahawia karibu na taa. Baadaye maungio ya dari yanajichora, kisha vidoa vyeusi vya ukungu vinatokea nyuma ya kabati. Mwenye nyumba anapaka rangi mpya, na ukungu unarudi kwa sababu maji bado yapo. Anayeuvuta kila usiku ni mtoto wa mpangaji, na kama ana pumu, ndiye anayeumia zaidi.

Kosa la jamaa hiyohiyo limeziumiza nyumba za Mji Mkongwe, Zanzibar. Kuta zake za mawe ya matumbawe na chokaa hunyonya unyevu na kuutoa. Ukizipiga plasta ya saruji ukidhani unaziimarisha, unyevu unakwama ndani, chumvi inasukuma, plasta inabanduka vipande vipande. Ukuta wa chokaa unataka chokaa.

Basi tufanyeje? Tulizuie joto kabla halijaingia, na tuiache nyumba ipumue. Kazi inaanza juu. Bati lililochakaa, saa sita mchana, linaweza kupita nyuzi 60. Rangi nyeupe ya paa hurudisha sehemu kubwa ya mwanga wa jua, ila kutu ikwanguliwe na misumari iliyolegea ibadilishwe kwanza. Vinginevyo utakuwa umepaka rangi mahali panapovuja. Kisha fungua matundu chini ya paa pande mbili zinazotazamana, uyawekee wavu wa kuzuia popo na panya. Ukiweza, tandaza karatasi ya foili chini ya mabati, ukiacha nafasi ya hewa na bila kuyaziba matundu. Dirisha linalotazama magharibi lipate kivuli kwa nje, kibaraza au mti, maana pazia la ndani linalikuta joto limeshaingia.

Chumba kilichotengenezwa hivyo mara nyingi kinatoshwa na feni ya wati 60 hadi 75, wakati kiyoyozi kidogo kinachukua kama wati 800 hadi 1,000 kinapofanya kazi. Anayekitaka bado akiweke kwenye nyuzi 25, kwa waya wake maalumu, si kwa kuunganisha kwenye waya wa taa wa miaka hiyo. Na anayetaka kupandisha tangi la kupashia maji kwa jua akumbuke kuwa lita 200 ni kilo 200 kabla ya uzito wa tangi lenyewe. Kenchi zikaguliwe kwanza. Na popote panapopikiwa kwa mkaa, matundu ya hewa yasizibwe kamwe. Sumu ya moshi ule haina harufu, na inaua watu wakiwa wamelala.

Najua swali la mwenye nyumba: nitumie fedha zangu ili mpangaji aokoe LUKU yake? Tuzungumze hesabu. Kwa mpangilio wa bei wa 2016, mteja wa D1, anayetumia hadi uniti 75 kwa mwezi, hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Wa T1, daraja la matumizi ya kawaida, hulipa 292. Vyumba sita vinavyochangia mita moja haviwezi kukaa ndani ya uniti 75, kwa hiyo wenye kipato kidogo ndio wanaonunua umeme wa bei ya juu. Na tangu Agosti 2021 kodi ya majengo, deni la mwenye nyumba, inakatwa kwenye LUKU hiyohiyo. Mpangaji ameshabeba vya kutosha.

Njia ya haki ipo. Mpangaji akubali kugharamia rangi ya paa au matundu, fedha hizo zikatwe kwenye kodi ya miezi sita inayofuata, na waandikishane mbele ya serikali ya mtaa, risiti zikiambatanishwa. Mwenye nyumba anabaki na paa lililookolewa na kutu na dari isiyooza, na mpangaji wake hana sababu ya kuhama. Halmashauri nazo, zinapopitisha ramani za nyumba za kupangisha, zidai matundu ya paa na madirisha yanayofunguka kama zinavyodai choo. Usingizi wa watu wanaoamka alfajiri kwenda kazini unategemea mambo hayo, na hakuna hata moja kati yake lililo nje ya uwezo wetu.