Mshahara wa ng'ambo na hesabu ya nyumbani

Kutoka Nguba ama Muhumba, hapa Nyalukemba, Rwanda inaonekana kwa macho. Ni mto Ruzizi tu unatutenganisha. Ndiyo sababu habari ya mishahara inavuka mpaka haraka kuliko watu wenyewe. Mmoja anasema kule infirmier analipwa mara mbili. Mwingine anaongeza: mara tatu. Na kijana aliyetoka masomoni na diploma yake ya A1, anayefanya kazi miezi na miezi bila numero ya matricule, anaanza kuuliza bei ya pasipoti.

Sisi hatutamlaumu. Muuguzi naye iko na tumbo, iko na watoto, iko na wazazi wanaomngojea kila mwisho wa mwezi. Lakini tunasema wazi: ile hesabu inayofanywa barabarani haijakamilika. Na ile inayofanywa na wakubwa, ya kwamba vijana wanaondoka juu ya tamaa tu, ni mbaya zaidi, sababu yenyewe haijaanza hata.

Tuanze na hapa kwetu. Ukimuuliza infirmier wa Bukavu analipwa ngapi kwa mwezi, mara nyingi hatakujibu kwa numero moja. Si kwamba anaficha. Ni kwamba malipo yake yana vipande vine, na kila kipande kina njia yake.

Kipande cha kwanza ni mshahara wa Leta, kwa wale waliokwisha kuwa mécanisés. Cha pili ni prime ya hatari, nayo inatoka kwa Leta. Kuna wanaopata mshahara bila prime, kuna wanaopata prime bila mshahara, na kuna wanaovaa blouse nyeupe kila asubuhi bila hata moja. Cha tatu ni prime ya pale pale hospitalini, inayotoka katika makuta ya wagonjwa. Wagonjwa wakikosa feza, ama wakikimbia bila kulipa, hiyo prime inashuka ama inakosa kabisa. Cha nne ni prime ya mfadhili, inayokuja na mradi. Mradi ukifunga mizigo, prime inaondoka nao.

Ongeza tatizo la pesa yenyewe. Leta inalipa kwa franga za Kongo, lakini mwenye nyumba anataka dola. Mu mwaka wa 2016 dola moja ilikuwa karibu franga 1 000. Mu mwaka wa 2024 ilipita 2 800. Mtu ambaye mshahara wake wa franga haukuongezwa katika miaka hiyo, alikatwa zaidi ya nusu ya mshahara bila barua yoyote kutoka ofisi. Kisha, tangu M23 ilipoingia mji wa Bukavu mu Februari 2025, mabenki yalifunga milango. Mwenye kuwa na feza kwenye konti alilazimika kuipata kwa simu, na kila mkono uliomsaidia ulichukua kidogo.

Sasa tufanye hesabu. Tunasema mapema: hizi numero ni za mfano tu, kila mtu aweke zake. Infirmière mmoja wa hapa anapata dola 80 kutoka kwa Leta na dola 90 za prime ya hospitali. Anasema: napata 170. Lakini prime ya hospitali ilikosa miezi minne. Kwa mwaka mzima, 80 mara 12 ni 960. 90 mara 8 ni 720. Jumla ni 1 680, maana yake 140 kwa mwezi, si 170. Makosa ya kwanza ya hesabu ya barabarani ni hiyo: watu wanahesabu mwezi mzuri, hawahesabu mwaka.

Upande wa pili anaahidiwa dola 300 kwa mwezi. Anapiga mkono. Kweli, 300 ni zaidi ya mara mbili ya 140. Lakini kodi na kaisi ya uzeeni vinakata, tuseme, 50. Inabaki 250. Nyumba ya kupanga, 80. Inabaki 170. Anatuma nyumbani 50, sababu mama yake na watoto wamebaki Bukavu. Inabaki 120. Kwenda na kurudi, simu, na vikaratasi vya mpaka, 20. Inabaki 100, mbele hajanunua unga. Na hapa Bukavu, kama anaishi katika nyumba ya familia na transport inamkula dola 10, inabaki 130. Ile feza ya kutuma haikati tena, sababu mama na watoto wanakula naye kwenye sahani moja. Yule wa 140 ameshinda yule wa 300.

Lakini geuza kitu kimoja tu. Sema hana nyumba ya familia, analipa dola 50 kila mwezi kwa mwenye nyumba wa Bukavu. Basi hapa inabaki 80, kule inabaki 100, na ng'ambo inashinda. Ndiyo sababu hakuna mtu wa kumjibu mwingine kama aende ama abaki. Wauguzi wawili wenye diploma moja, wanaofanya kazi katika sale moja, wanaweza kupata majibu mawili tofauti, na wote wawili wana haki.

Kuna pia kitu ambacho dola haionyeshi vizuri: kuja kwa feza siku yake. Mshahara wa 250 unaofika kila tarehe 30 una nguvu ambayo 250 ya kubahatisha haina. Ukiwa nao unaweza kulipa minerval ya mtoto mbele hajafukuzwa. Unaweza kununua kiroba cha unga badala ya kununua kwa guigoz kila jioni kwa bei ya juu. Haukopi kwa jirani na riba. Tunafikiri hiki ndicho kinachowaondoa vijana wetu, kuliko ukubwa wa mshahara wenyewe. Mtu anachoka kungojea kabla ya kuchoka kupata kidogo.

Halafu kuna makaratasi. Rwanda haikubali mtu ashike sindano juu tu ya diploma ya Kongo. Lazima aandikishwe na baraza lao la wauguzi na wakunga. Masomo yao yalihamia Kiingereza tangu 2008, na mgonjwa anaeleza maumivu yake kwa Kinyarwanda. Mwenye kwenda ahesabu miezi ya kungojea karatasi bila mshahara. Hiyo miezi ni sehemu ya bei ya kuhama, sawa garanti ya nyumba.

Burundi nayo, Kifaransa kinasaidia, na Kiswahili kinasikika Bujumbura. Lakini mu Mei 2023 benki kuu ya Burundi ilishusha franga yake kwa zaidi ya robo moja mbele ya dola, na foleni za mafuta zimekuwa mazoea ya kule. Mshahara unaoonekana mzuri kwa franga za Burundi lazima uulizwe: utanunua nini kisha miezi sita?

Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mu 2022. Wengi walifikiri mlango umefunguka siku hiyo. Ni kweli kwamba soko la pamoja la Jumuiya, lililoanza Julai 2010, linaongea juu ya wafanyakazi kuvuka mipaka. Lakini kuvuka ni kitu kimoja, kutambuliwa kazi yako ni kingine. Mapatano ya kwanza ya kutambuana diploma yalihusu wahasibu, wasanifu wa majengo, wainjinia na waganga wa wanyama. Daktari wa ng'ombe alifikiriwa mbele ya infirmier wa watu.

Ndugu zetu wa Kivu walio Marekani wanaijua hesabu hii vizuri, sababu kule kila jimbo iko sawa inchi. Takwimu za serikali yao za 2023 zilionyesha kwamba muuguzi wa California anapata kwa wastani karibu dola 137 000 kwa mwaka, na yule wa South Dakota karibu 69 000. Mara mbili, sawa vile wanavyosema juu ya ng'ambo yetu. Lakini California inakata kodi ya jimbo kwenye mshahara, South Dakota haikati, na bei ya nyumba ya San Francisco inaweza kumeza tofauti yote. Tena, karibu majimbo 40 yamepatana kwamba ruhusa moja ya kazi inatosha kwa yote. California haimo. Kwa hiyo muuguzi wa kule anauliza maswali matatu mbele ya kufunga valizi: nitapata ngapi, nitabaki na ngapi, na karatasi yangu itakubaliwa? Maswali hayo hayo yanatutosha hapa.

Mbona gazeti linashughulika na mfuko wa infirmier? Sababu mwisho wa hesabu ni mgonjwa. Shirika la Afya Ulimwenguni liliweka Kongo mu 2023 kwenye orodha ya inchi 55 zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya, ambazo inchi zingine hazipashwi kuzinyang'anya watu ovyo. Kila A1 anayeondoka Bukavu, familia yake ndiyo ililipa masomo. Sale anayoiacha inabaki na mmoja wa kulinda vitanda vya wawili usiku. Na kama prime ya hospitali inatoka kwa mgonjwa, basi Leta ikikosa kulipa, ni mama wa Kadutu, aliyeuza sambaza siku nzima, anayelipa mshahara ambao Leta haikulipa. Kisha tunashangaa kuona mzazi amezuiliwa hospitalini na mtoto mchanga juu ya fakturi.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji mfadhili.

Kwanza, kila hospitali, ya Leta, ya kanisa ama ya mtu binafsi, ibandike ukutani ginsi prime inavyogawanywa: ngapi iliingia, ngapi ilienda kwa nani. Muuguzi asiyejua hesabu ya nyumbani mwake ataamini kila hesabu ya ng'ambo.

Pili, Leta imalize orodha ya wasiokuwa na matricule. Sheria iliyounda Ordre ya wauguzi ipo tangu 2016. Ordre inajua nani anafanya kazi hii. Haiwezekani mtu atambuliwe kuwa infirmier siku ya kuadhibiwa, na asitambuliwe siku ya malipo. Na wanaotuwakilisha katika Jumuiya waombe wauguzi waingie katika mapatano ya kutambuana, ili mwenye kwenda aende kwa heshima, na mwenye kurudi asianze upya.

Tatu, nawe ndugu, nawe dada infirmière, usiondoke kwa numero ya mtu mwingine. Andika mwaka mzima kwenye karatasi moja: miezi iliyolipwa na isiyolipwa, nyumba, minerval, unga, dawa, feza ya wazazi, garanti, makaratasi. Andika hapa upande mmoja, kule upande mwingine. Soma jibu pamoja na wa nyumbani mwako. Ukiona kweli kule kunabaki zaidi, nenda, na hakuna wa kukuita msaliti. Ukibaki, ubaki ukidai kile kinachokukosa, ukiwa na numero mkononi. Mkubwa anaweza kujibu malalamiko kwa maneno matamu. Karatasi yenye miezi 12, na minne kati yake haina kitu, ni vigumu zaidi kuijibu.