Fundi Maiko Hajizai Mwenyewe: Madirisha, Ujuzi na Serikali Iliyolala

Ndugu zangu vijana, leo naomba tuiweke pembeni kidogo hoja ya Katiba Mpya, turudi nyumbani kwa mwananchi, tena dirishani kabisa. Najua kuna atakayesema, "Sasa huyu dada wa sheria na madirisha wapi na wapi?" Twende taratibu, tutafika.

Pita Goba, Kigamboni, Nyegezi au Sakina. Watu wanang'oa madirisha ya zamani, yale ya mbao, ya luva, ya nyavu na nondo, wanaweka aluminiamu ya kusukuma. Kila mtaa una karakana: mashine ya kukatia, rundo la profaili, vioo vimeegeshwa ukutani, na vijana wanne watano wanaohangaika kutafuta ridhiki. Hiyo ni ajira ya kweli, na haikuletwa na ilani ya mtu yeyote. Wamejitengenezea wenyewe. Serikali inayoimba ajira kwa vijana kila kukicha ilitakiwa iwepo pale kuwapa ujuzi, viwango na ulinzi. Inakuja lini? Siku ya kudai leseni ya biashara.

Watu wanadhani kubadilisha dirisha ni kazi ya kutoa hiki na kuweka kile. Kiukweli ni ngumu kuliko kuweka dirisha kwenye nyumba inayojengwa upya. Ukuta wa zamani umeshakaa, plasta imepasuka, pembe hazijanyooka, grili imechimbiwa ndani ya zege. Fundi aliyefundishwa anapima upana sehemu tatu na urefu sehemu tatu, halafu anapima kona kwa kona kuona kama tundu limekaa mraba. Anachukua kipimo kidogo kuliko vyote na kuacha nafasi ya milimita chache kila upande. Fundi aliyejifunza kwa kuangalia tu anapima mara moja katikati, anakata, akifika dirisha haliingii, anaanza kutindua ukuta kwa nyundo hadi lenta inaonekana.

Yapo na mengine. Reli ya chini inatakiwa kuwa na matobo ya kutolea maji nje. Yakisahaulika, mvua ya masika inajaa kwenye reli na kumwagikia ndani. Silikoni inatakiwa ipakwe kwenye ukuta mkavu uliofutwa vumbi, lakini wengi wanapaka juu ya vumbi na baada ya miezi inabanduka kama ngozi. Saruji mbichi inakula aluminiamu ikigusana nayo, lakini bado watu wanaziba pengo kwa saruji. Skrubu za chuma cha kawaida kwenye hewa ya chumvi ya Dar, Tanga au Mtwara zinaota kutu mapema. Kioo cha kawaida kikipasuka kinatoa vipande kama visu, na kwenye mlango ambao watoto wanapita hapo kilitakiwa kiwe kioo kilichokazwa kwa moto, ambacho kikivunjika kinakuwa punje.

Halafu kuna hili ambalo mteja haambiwi kabisa: dirisha la kusukuma lenye vipande viwili linafunguka nusu tu. Luva zilikuwa zinapitisha hewa karibu tundu zima. Kwa hiyo mtu anaweka dirisha la kisasa, chumba kinakuwa tanuri, anaanza kutafuta hela ya kiyoyozi. Fundi mwenye mafunzo angemwambia mapema.

Mama yangu mdogo aliyapata haya. Alikusanya hela ya kikoba, akabadilisha madirisha sita. Fundi alichukua asilimia sabini kabla ya kuanza, akaweka kwa siku mbili, akapotea. Masika ya kwanza tu godoro la watoto lililowa. Alipompigia simu fundi akaambiwa, "Mama, hiyo ni mvua, mimi siwezi kuzuia mvua." Hana mkataba wala risiti, ana namba ya simu tu, na sasa haipatikani.

Mtaani tuna jina la fundi wa namna hiyo: fundi maiko. Tunamcheka, tunamtukana, tunamtengenezea vichekesho mitandaoni. Mimi nasema tusiishie kumcheka. Yule kijana alimaliza kidato cha nne, akaingia karakana kama saidia fundi, akabeba vioo miaka miwili, siku moja bosi akahama naye akawa fundi. Nani alimfundisha? Nani alimpima? Nani alimwambia hiki ni sawa na hiki si sawa? Hakuna. Fundi maiko hajizai mwenyewe, anazaliwa na mfumo usiojali ujuzi.

Na yeye ndiye anayeumia kuliko hata mteja. Ukipita kwenye jengo la ghorofa tatu utamwona kijana amesimama juu ya jukwaa la mirunda, hana mkanda wa usalama, miguuni ana kandambili, ameshika fremu yenye kioo kwa mikono mitupu. Tunayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003. Tunayo Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008. Kwenye karatasi yule kijana analindwa. Lakini analipwa kwa siku, hana mkataba, na bosi wake hajasajiliwa popote. Akianguka, michango ya matibabu inapitishwa kwa bakuli msibani au kwenye magrupu ya WhatsApp. Sheria ipo, ila haijawahi kupanda ule mrunda kumfikia.

Sasa tuangalie sheria zinasema nini kuhusu ujuzi wenyewe. Mwaka 1997 Bunge lilitunga Sheria ya Usajili wa Wahandisi na Sheria ya Usajili wa Makandarasi. Wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi wana sheria yao ya 2010. Fundi umeme anatakiwa awe na leseni ya EWURA kulingana na daraja lake, ndiyo maana ukitaka kuvutiwa umeme na TANESCO unatafuta mkandarasi wa umeme aliyesajiliwa. Hakuna anayeona hilo ni ajabu, kwa sababu tunajua waya ukifungwa vibaya nyumba inaungua.

Ukija kwa fundi anayeng'oa dirisha la ghorofa ya tatu na kupachika jingine juu ya vichwa vya wapita njia, kuna ombwe. Mkandarasi mkubwa wa jengo anasajiliwa, lakini kijana anayeitwa na mwenye nyumba kubadilisha madirisha manne hayupo kwenye daftari la mtu. TBS inaweza kukagua kioo na profaili dukani, ila haimfikii anayevipachika. Bidhaa nzuri ikifungwa vibaya inavuja kama bidhaa mbovu.

Msomaji atauliza: si mama yako mdogo angeenda mahakamani? Swali zuri. Tuna Sheria ya Mikataba, tuna Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa inayotaka kitu kinachouzwa kifae kwa kazi iliyokusudiwa, tuna Sheria ya Ushindani ya 2003 yenye sehemu nzima za kumlinda mlaji. Mahakama ya Mwanzo inasikiliza madai ya mkataba yasiyozidi shilingi milioni 30, tena kwa Kiswahili. Mlango upo wazi. Tatizo ni swali la kwanza la hakimu: "Kazi hii ilitakiwa iweje?" Umeme una kanuni za kupimia. Dirisha mtajibu nini? Mteja atasema limewekwa vibaya, fundi atasema ndivyo tunavyoweka wote. Pasipo kiwango kilichoandikwa, kesi inabaki neno la huyu dhidi ya neno la yule. Kiwango cha kazi kinamsaidia mteja kudai haki yake, na kinamsaidia pia fundi mzuri anayesingiziwa na mteja asiyetaka kumalizia malipo.

Wenzetu wamefanyaje? England na Wales, tangu Aprili 2002, kubadilisha dirisha kuliingizwa kwenye kanuni za ujenzi. Mwenye nyumba ana njia mbili: aite wakaguzi wa halmashauri, au atumie kampuni iliyosajiliwa kwenye mpango kama FENSA, ambayo inathibitisha kazi yake na kumpatia cheti, huku sehemu ya kazi zake zikikaguliwa na watu wengine. Ukiuza nyumba, mwanasheria wa mnunuzi anauliza cheti kiko wapi. Wana pia mwongozo ulioandikwa wa namna ya kufunga dirisha, BS 8213-4, unaoingia hadi kwenye umbali wa skrubu: takribani milimita 150 kutoka kwenye kona, na kati ya skrubu na skrubu isizidi 600. Wao walisukumwa na baridi na gharama za kupasha nyumba joto. Sisi tuna mvua, chumvi, joto na mbu. Sababu zinatofautiana, lakini hitaji la kuandika kazi nzuri inafanywaje ni lile lile.

Tutaambiwa hakuna hela. Hapa naomba tusikubali kirahisi. VETA ilianzishwa kwa sheria ya 1994, na waajiri wanalipa tozo ya kuendeleza ujuzi, ile inayoitwa SDL, ambayo kwa viwango vilivyopitishwa 2023 ni asilimia 3.5 ya mishahara. Jina lake ni kuendeleza ujuzi. Lakini VETA inapata theluthi moja tu. Theluthi mbili zinaingia serikalini, na kwa miaka mingi zimekuwa zikibeba mikopo ya elimu ya juu. Mimi nasoma chuo kikuu kwa mkopo. Maana yake kuna sehemu ya ada yangu iliyotoka kwenye hela iliyokusanywa kwa jina la yule saidia fundi. Sisemi wanafunzi wanyang'anywe mikopo, hilo nitalipinga barabarani. Nasema mikopo yetu itafutiwe fungu lake halali kwenye bajeti, na hela ya ujuzi irudi kwenye ujuzi. Tusigombanishwe watoto wa maskini wenyewe kwa wenyewe, mmoja darasani na mwingine juu ya mrunda.

Serikali itajibu kwamba inajenga vyuo vya VETA kila wilaya, na kwamba ipo programu ya urasimishaji wa ujuzi, ambapo fundi aliyejifunzia mtaani anapimwa na kupewa cheti. Kweli, na ni mambo mema, tuyaseme bila kinyongo. Lakini jengo peke yake halifundishi bila mashine na walimu. Na urasimishaji unaokuja kama mradi, leo mkoa huu, kesho umeisha, haujengi taaluma. Unatakiwa uwe huduma ya kudumu. Kijana aamke Jumatatu, aende, apimwe.

Kuna pingamizi moja naliheshimu sana, nimelisikia kutoka kwa mafundi wenyewe: "Dada, mkileta leseni mtatuua. Itakuwa ada nyingine, stika nyingine, mgambo wengine wa kutukimbiza." Wana haki ya kuogopa. Nchi hii ina ufundi wa kugeuza kila utaratibu kuwa mtego wa kukamulia. Ndiyo maana msimamo wangu ni kwamba tusianze na leseni, tuanze na mafunzo. Mtu hawezi kuadhibiwa kwa kutojua kitu ambacho hakuna aliyewahi kumfundisha.

Kwa hiyo tunadai haya.

Kwanza, TBS, VETA na mafundi wenyewe wakae meza moja waandike mwongozo wa Kiswahili wa kuweka na kubadilisha madirisha, wenye michoro, kurasa chache, unaopatikana bure.

Pili, upimaji wa ujuzi kwa mafundi waliopo ulipiwe na hela ya SDL, pasipo kijana kutoa hata shilingi, na ufanyike karakanani kwake ili asipoteze siku ya kazi.

Tatu, cheti kiwe sharti kwa kazi za ghorofa na majengo ya umma tu kwa kuanzia. Madarasa na zahanati zinazojengwa kwa fosi akaunti zitumie mafundi waliopimwa, kutoka kata ile ile.

Nne, ile asilimia 4 ya mapato ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo ya vijana ifike kwenye vikundi vya mafundi, wanunue mikanda ya usalama, glavu na majukwaa ya chuma. Isiishie kwa watoto wa wajumbe.

Tano, utengenezwe utaratibu wa saidia fundi wa kutwa kuandikishwa kwenye mfuko wa fidia kwa simu, kwa kazi husika, na anayetoa kazi ndiye alipie.

Wakati tunasubiri, tusikae bure. Wewe unayebadilisha madirisha, andikeni karatasi moja: vipimo, unene wa kioo, aina ya skrubu, bei, malipo kwa awamu, na muda ambao fundi atarudi kurekebisha bure. Bakiza sehemu ya hela hadi mwagilie maji kwa ndoo kwa nje na muone ndani pako pakavu. Weka saini, na shahidi asaini. Karatasi hiyo inatosha kusimama nayo Mahakama ya Mwanzo. Wewe fundi, usiikimbie hiyo karatasi. Inakutenga na matapeli.

Na ninyi viongozi wa vijana wa kata, kabla ya kikao kijacho cha baraza la madiwani, nendeni kwa diwani wenu na maswali mawili tu: mwaka huu mafundi wangapi wa kata yetu wamepimwa ujuzi, na vikundi vingapi vya mafundi vimepata ile asilimia 4? Ombeni jibu kwa maandishi, mlibandike kwenye ofisi ya tawi ili kila mtu asome. Asipojibu, bandikeni barua yenu na tarehe mliyompelekea.