Ushahidi unaopotea kati ya Tinde na Runzewe

Dai la bima ya gari huamuliwa na sekunde chache ambazo wengi wa wanaoliamua hawakuziona. Askari wa usalama barabarani hufika baada ya kishindo, hupima alama za matairi, huchora ramani na kuandika maelezo ya waliobaki wakiweza kuzungumza. Mkadiriaji wa hasara anayetumwa na kampuni ya bima huja nyuma zaidi, mara nyingi gari likiwa limeshavutwa hadi kituo cha polisi. Kati ya tukio lenyewe na karatasi zinazolieleza kuna pengo, na katika barabara za Shinyanga na Geita pengo hilo humeza haki za watu wengi. Hoja yangu ni kwamba kamera ya dashibodi ndiyo njia nafuu tuliyonayo ya kuliziba. Lakini haitoshi dereva kuinunua na kuibandika kwenye kioo. Kampuni za bima na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, TIRA, zinapaswa kuiandikia kanuni, kwa sababu ushahidi usio na kanuni humfaa mwenye mwanasheria na kumwacha asiyekuwa naye.

Barabara yenyewe inaeleza kwa nini. Kutoka Tinde kupitia Isaka, Kahama, Masumbwe, Ushirombo na Runzewe hadi mpakani Rusumo hupita malori yanayopeleka mizigo Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo. Isaka kuna bandari kavu. Malori hayo hayana njia yao peke yao. Yanagawana lami na Fuso zilizosheheni mawe ya wachimbaji wadogo, na bodaboda zenye abiria wawili na kiroba katikati, na gari ndogo za abiria zinazoitwa michomoko, na matrekta, baiskeli, mikokoteni, bila kusahau makundi ya ng'ombe yanayovuka jioni. Mgodi wa Bulyanhulu na ule wa Geita imeleta magari ya makandarasi yanayokimbizana na zamu. Miji kama Katoro imekua kwa kasi, maduka yakisogea hadi ukingoni mwa lami. Tangu 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku. Agosti 2022, katika wilaya ya Kahama, ajali ya usiku iliyohusisha lori, Hiace, gari dogo na trekta iliua watu wapatao 20. Magari manne ya aina hiyo yanapogongana gizani, swali la nani alimfuata nani na nani hakuwa na taa halina jibu jepesi, na kila jibu lina familia nyuma yake inayosubiri fidia.

Ushahidi katika ukanda huu hupotea kwa sababu zinazoeleweka. Watu wanaofika kwanza hukimbilia kutoa majeruhi, na katika kufanya hivyo husogeza magari na kufuta alama. Hakuna wa kuwalaumu. Mashahidi wengi ni wasafiri, au wachimbaji ambao wiki ijayo watakuwa wamehamia kwenye rashi nyingine, yaani machimbo mapya, na anayewatafuta miezi sita baadaye huambiwa tu kwamba walishaondoka. Lori la nje lililosababisha ajali likiendelea na safari linaweza kuvuka Rusumo kabla majeruhi hajatoka chumba cha upasuaji. Mfumo wa kadi ya njano ya COMESA uliwekwa ili aliyeumizwa na gari la nchi nyingine aweze kudai hapa nyumbani, lakini lazima kwanza gari lenyewe lijulikane. Kuna pia dereva ambaye, mbele ya umati wenye hasira, hukimbilia kituo cha polisi kunusuru maisha yake, kisha anajikuta anasimuliwa kama mtu aliyetoroka. Yeye hayupo pale kueleza upande wake. Wanaoeleza ni wale waliobaki, na simulizi ya kwanza kuandikwa ni ngumu sana kufutwa.

Sasa tuangalie bima inafanya nini hapo. Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inamlazimisha kila mwenye gari kuwa na kinga dhidi ya madhara atakayomsababishia mtu mwingine. Hiyo ndiyo bima ndogo tunayoijua. Bima kubwa huongeza gari lako mwenyewe. Katika zote mbili, fedha hufuata kosa. Ukiwa na bima ndogo na ukagongwa, kampuni yako haina cha kukupa; unapaswa kwenda kwa kampuni ya aliyekugonga na kuthibitisha kwamba yeye ndiye aliyekosea. Ukiwa na bima kubwa unaweza kulipwa na kampuni yako, lakini nayo itataka kumrudia mkosaji, na itahitaji kuthibitisha jambo lilelile. Kwa hiyo mwenye bima ndogo, yaani yule mwenye kipato kidogo, ndiye anayebeba mzigo mzito zaidi wa kuthibitisha. Kwa mawazo yangu hii ndiyo sababu kubwa ya kuiunga mkono kamera, na inashangaza kwamba huzungumzwa kama anasa ya wenye magari ya gharama.

Fikiria ajali ambayo kila anayesafiri kati ya Kahama na Ushirombo ameona dalili zake. Lori limeharibika usiku, limeachwa nusu yake ikiwa ndani ya lami, halina kiakisi mwanga wala taa, na onyo pekee ni matawi ya miti yaliyotupwa mita chache nyuma yake. Gari dogo linaligonga kwa nyuma. Kwa mazoea, anayegonga kwa nyuma huhesabiwa ndiye mkosaji, na asubuhi, lori likiwa tayari limewekewa pembetatu na mtu aliyeamka mapema, ramani itaonyesha hivyo. Picha ya sekunde kumi kabla ya kishindo inabadili mjadala mzima. Inaonyesha giza lilivyokuwa, kama kulikuwa na onyo, kama gari lililokuwa likija kutoka mbele liliwasha taa kali, kama dereva aligusa breki. Pengine itaonyesha kwamba wote wawili walikosea, na lawama ikagawanywa. Vivyo hivyo kwa basi linaloyapita magari mengine kwenye kilima, au bodaboda inayochomoka kwenye njia ya mashambani: jambo ambalo kwa maneno lingebaki madai dhidi ya madai linapata kipimo cha tatu. Na namba ya lori lililokimbia, ikisomeka hata kwa nusu sekunde, inatosha kumfungulia majeruhi mlango wa madai.

Wapo wanaodhani kwamba mahakama zetu hazitambui ushahidi wa namna hii. Zinautambua. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, katika kifungu cha 18, inasema kwamba taarifa ya kielektroniki haiwezi kukataliwa kwa sababu tu ni ya kielektroniki. Inachotaka mahakama ipime ni uaminifu wa namna ilivyotengenezwa, ilivyohifadhiwa na ilivyowasilishwa. Hapo ndipo madereva wengi watapoteza kile walichokuwa nacho mkononi. Kamera hizi hurekodi kwa mzunguko: memori kadi ikijaa, picha mpya inaandikwa juu ya ile ya zamani. Nyingi zina kihisi cha mshtuko kinachofunga kipande cha ajali kisifutwe, lakini barabara ya vumbi yenye mashimo hutoa mishtuko mingi, na vipande vilivyofungwa navyo hujaza kadi. Tarehe na saa visiporekebishwa, picha ya Juni itasomeka kuwa ya Januari miaka mingi iliyopita, na wakili wa upande wa pili hatahitaji hoja nyingine. Kipande kilichokatwa na kutumwa kwenye kundi la WhatsApp hupoteza ubora na historia yake. Dereva anayetaka dai lake lisimame aitoe kadi ile siku ileile, asiifute wala kuikata, atoe nakala, na amweleze mpelelezi kwamba ipo ili iandikwe kwenye maelezo yake tangu mwanzo.

Pingamizi zito kuliko yote ni kwamba kamera inaweza kumkaanga mwenyewe aliyeifunga. Ni kweli, na sitaki kulipamba jambo hili. Kamera itaonyesha mwendo kasi wako, mstari usiokatika ulioukata na, kama inarekodi ndani pia, simu uliyokuwa umeishika. Mwenye mchomoko aliyekata bima ya gari la binafsi huku akibeba abiria kwa nauli atakuwa amerekodi sababu ya dai lake kukataliwa, kwa kuwa mkataba wake haukuhusu biashara hiyo. Lakini tuangalie pingamizi hili linadai nini. Linadai kwamba mfumo wa fidia unafanya kazi vizuri zaidi ukweli usipojulikana, na hilo linamfaa mkosaji peke yake. Abiria waliokuwa ndani ya mchomoko huo hawana faida yoyote na giza. Kuhusu michomoko, tatizo halikuzaliwa na kamera. Limezaliwa na bima isiyolingana na kazi, na dereva huyo yuko hatarini kila siku kamera iwepo isiwepo. Afadhali akalitambue akiwa kwa wakala wa bima, kabla ya ajali, kuliko akalitambue wodini.

Pingamizi la pili linamhusu dereva wa kuajiriwa, na hapa nakubaliana na wanaolitoa kuliko wanavyotarajia. Katika malori na Fuso nyingi mwenye gari si mwenye usukani. Kamera hununuliwa na tajiri, kadi huchukuliwa na tajiri, na picha inayoonyesha kwamba dereva hakuwa na kosa, lakini breki za gari hazikushika, inaweza isionekane tena. Dereva aliyelazimishwa kuendesha saa nyingi mfululizo atashtakiwa kwa picha ya kichwa chake kikiinama, huku ratiba aliyopewa ikibaki kabatini. Kwa hiyo haki ya dereva kupata nakala ya kilichorekodiwa lazima iandikwe, na iwe haki anayoweza kuidai mwenyewe bila ridhaa ya mwajiri.

Faragha nayo ina uzito wake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inalinda pia mtu anayepita barabarani, na hakuna anayepaswa kurusha mitandaoni sura ya marehemu kwa kisingizio cha ushahidi. Tabia hiyo ipo na inaumiza familia. Ila kurekodi kwa ajili ya dai na kusambaza kwa ajili ya kutazamwa ni vitendo viwili tofauti. Ujerumani, nchi yenye wivu mkubwa na faragha, ilikutana na swali hili katika kesi ya magari mawili yaliyogusana yakikata kona kushoto. Mei 2018 mahakama yake ya juu ya mashauri ya madai ilisema kwamba kurekodi mfululizo bila sababu kunavunja kanuni za taarifa binafsi, na hata hivyo picha hiyo inaweza kupokelewa kama ushahidi, baada ya kupima maslahi ya pande zote. Hakimu wa Kahama halazimiki kufuata uamuzi wa huko, lakini njia hiyo ya kufikiri inafaa: adhabu ya kuvunja faragha imfuate aliyeivunja, na ukweli wa ajali usifutwe kwa sababu hiyo.

Gharama nitaipitia haraka. Kamera ya kawaida ni kitu ambacho mwenye gari anayeweza kubadili tairi anaweza kukipanga. Walio na uwezo wa kuishusha gharama hiyo zaidi ni kampuni za bima, ambazo nazo hupoteza fedha kwa madai ya uongo na kesi zinazorefuka. Korea Kusini kampuni za bima zimekuwa zikitoa punguzo la ada kwa gari lenye kamera. Urusi kamera zilienea kwa sababu madereva walichoka na ajali za kupangwa na mashahidi wa kununuliwa. Hapa kwetu punguzo lianze na magari ya biashara, yaani Fuso, Hiace na malori, ambayo kilomita zake ni nyingi na abiria na mizigo yake ni ya watu wengine.

Kanuni ninazotaka TIRA iziandike hazihitaji sheria mpya kubwa. Fomu ya dai iwe na swali kama kuna picha, na mahali pa kupokea nakala kwa risiti. Kampuni iliyopokea picha na kukataa dai ieleze kwa maandishi ni nini katika picha hiyo kilichoifanya ikatae, ili mdai aweze kulipeleka suala kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima akiwa na kitu cha kushika. Na la mwisho ndilo ninalolipigania zaidi, kwa sababu linamhusu asiye na gari kabisa: mama aliyegongwa akivuka barabara Runzewe na kikapu cha dagaa, kijana aliyekuwa abiria wa bodaboda akitoka duarani, kwenye shimo la wachimbaji. Kamera iliyoona ajali yao imo ndani ya gari la mtu mwingine, na anayewajibika kuwalipa ni kampuni ya bima ya mtu huyo. Pale kampuni au mwenye gari anapokuwa na picha, majeruhi au familia yake wawe na haki ya kuiona ndani ya muda uliowekwa, hata kama inamwelekezea kosa mteja wa kampuni hiyo. Na kampuni ikidai kwamba picha imepotea ilhali polisi waliandika kuwa ipo, mzigo wa kuthibitisha uhame kwake.